Abraham Zacuto: mkimbizi aliyewahesabia wengine njia ya bahari



Watoto wetu hapa Kolwezi wanajifunza shuleni majina ya Diogo Cão, Christopher Columbus na Vasco da Gama. Jina la Abraham Zacuto halimo katika madaftari yao, ingawa wote wanaosoma historia ya bahari wanalifahamu. Mtu huyu hakuwa nahodha. Alikuwa Myahudi, mwalimu wa dini na mtaalamu wa nyota. Alifukuzwa Hispania mwaka 1492, akapokelewa Ureno, akawasaidia Wareno kupata njia ya bahari mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki na India, kisha Ureno nayo ikamfukuza. Waliomfukuza walikuwa Wakristo, na walisema wanafanya hivyo kwa ajili ya Kristo.

Tumeona vema kuisimulia habari yake kwa makanisa yetu ya mashariki, kwa sababu mambo yaliyompata si mageni kwetu sisi wa Lualaba.

Kijana wa Salamanca

Zacuto alizaliwa mwaka 1452 katika mji wa Salamanca, ufalme wa Castilla, ambao leo ni sehemu ya Hispania. Ukoo wake ulikuwa umetoka Ufaransa, Wayahudi walipofukuzwa huko mwaka 1306. Kwa hiyo tangu utotoni alijua kwamba wazee wake waliwahi kufunga mizigo na kuacha nyumba. Mwaka 1391 makundi ya watu waliwashambulia Wayahudi katika miji mingi ya Castilla na kuwaua, na wengi wakabatizwa kwa kuogopa kufa. Ukoo wa Zacuto ulibaki katika imani yake.

Alisoma Torati na mafundisho ya marabi kwa mwalimu mkubwa Isaac Aboab. Pamoja na hayo alisoma hesabu za jua, mwezi na nyota. Kati ya mwaka 1473 na 1478 aliandika kwa Kiebrania kitabu kikubwa cha majedwali ya nyota. Aliyemtia moyo na kumtegemeza katika kazi hiyo alikuwa askofu wa Salamanca, Gonzalo de Vivero. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Askofu Mkristo na mtaalamu Myahudi waliketi pamoja, wakaheshimiana, na kitabu kikapatikana. Askofu alipofariki mwaka 1480, Zacuto alipata mlinzi mwingine, Juan de Zúñiga, mkuu wa chama cha mashujaa cha Alcántara. Kwa miaka mingi Wakristo wakubwa walimhitaji, naye aliwatumikia kwa uaminifu.

Miezi minne ya kuondoka

Mwanzoni mwa mwaka 1492, Ferdinand na Isabella, wafalme wa Hispania, waliuteka mji wa Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu katika nchi ile. Tarehe 31 mwezi wa tatu mwaka huohuo waliweka sahihi kwenye amri kwamba Wayahudi wote waondoke katika falme zao kabla ya mwisho wa mwezi wa saba. Anayetaka kubaki abatizwe. Anayeondoka haruhusiwi kubeba dhahabu, wala fedha, wala sarafu.

Fikirini maana yake. Mtu ana nyumba, ana shamba la mizabibu, na watu wote mjini wanajua kwamba lazima aondoke na hawezi kubeba pesa. Nani atamlipa bei ya haki? Waandishi wa wakati ule wameandika kwamba nyumba ilibadilishwa kwa punda, na shamba la mizabibu kwa kipande cha kitambaa. Makumi ya maelfu ya watu walitembea barabarani kuelekea bandarini au kwenye mpaka wa Ureno, wakiwa na wazee, wagonjwa na watoto wachanga.

Wiki mbili na siku chache baada ya amri hiyo, tarehe 17 mwezi wa nne, wafalme haohao walipatana na Columbus kuhusu safari yake ya kuvuka bahari. Aliondoka katika bandari ya Palos tarehe 3 mwezi wa nane, siku chache baada ya muda wa Wayahudi kwisha. Historia inamkumbuka Columbus kwa mwaka ule. Lakini baharini mwaka ule walikuwamo pia watu waliosafiri kwa kulazimishwa, wasiojua watapokelewa wapi.

Zacuto alikuwa na umri wa miaka 40. Angeweza kukubali ubatizo na kubaki na kazi yake, kama wasomi wengine walivyofanya. Alichagua kuondoka, akavuka kwenda Ureno. Mwalimu wake Aboab naye alikwenda huko, akafa katika mji wa Porto baada ya miezi michache.

Watoto wa São Tomé

Mfalme João II wa Ureno aliwafungulia Wayahudi mpaka, lakini kwa malipo. Familia 600 zenye mali ziliruhusiwa kukaa. Wengine walilipa kodi kwa kila kichwa wapewe miezi minane tu, halafu waendelee na safari. Meli zilizoahidiwa zilikuwa chache, na manahodha wengi waliwatesa na kuwaibia abiria. Wale ambao muda uliwakuta bado wako Ureno walihesabiwa kuwa watumwa wa mfalme.

Mwaka 1493 mfalme aliwachukua watoto wao kutoka mikononi mwa wazazi, wakabatizwa, wakapakiwa melini pamoja na Álvaro de Caminha, aliyetumwa kutawala kisiwa cha São Tomé. Habari zilizoandikwa mwaka 1506 zinataja watoto 2000, na kwamba waliobaki hai wakati ule walikuwa kama 600. Kisiwa kilikuwa cha msitu, joto na homa. Ureno ilitaka watu wa kulima miwa.

Hapa habari ya Zacuto inagusana na habari ya nchi yetu. João II ndiye mfalme aliyemtuma Diogo Cão, aliyefika kwenye mdomo wa mto Kongo. Ndiye aliyewatuma mapadri waliombatiza Nzinga a Nkuwu, mfalme wa Kongo, mwaka 1491, naye akachukua jina la João kwa heshima ya yule wa Ureno. Kwa hiyo mtawala mmoja, ndani ya miaka miwili, alishangilia ubatizo wa mfalme Mwafrika na kuwatenga watoto wadogo na mama zao. Kisiwa hichohicho cha São Tomé baadaye kilijaa watu waliokamatwa na kuuzwa kutoka Kongo, mpaka mfalme Afonso, mwana wa Nzinga a Nkuwu, alipomwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 kulalamika kwamba biashara hiyo inaimaliza nchi yake. Wale watoto wa wakimbizi na mateka wa Kongo walipelekwa kwenye udongo mmoja.

Jua la saa sita

Zacuto aliingia katika utumishi wa João II kama mtaalamu wa nyota. Mfalme huyo alipokufa mwaka 1495, Manuel I alichukua kiti, akamweka Zacuto katika kazi ileile. Mwanzoni Manuel alionekana mwema, kwa maana aliwaacha huru Wayahudi waliofanywa watumwa.

Tueleze kidogo kazi yenyewe. Mabaharia wa Ulaya walizoea kupima mahali walipo kwa Nyota ya Kaskazini. Kadiri unavyokwenda kusini, nyota ile inashuka, na ukivuka ikweta inapotea kabisa. Sisi wa Kolwezi hatuioni hata usiku mmoja. Basi Wareno walipozidi kushuka kando ya pwani ya Afrika, walihitaji kipimo kingine, nacho kilikuwa jua la saa sita mchana. Lakini jua halipiti mahali pamoja mwaka mzima. Kwetu hapa linapita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na mwezi wa kumi, na siku hizo kivuli cha mtu kinakuwa chini ya miguu yake. Siku nyingine linaegemea kaskazini au kusini. Baharia anayepima urefu wa jua bila kujua siku hiyo limeegemea kiasi gani, atapotea.

Majedwali ya Zacuto yalitoa hesabu hiyo. Yalionyesha mahali pa jua kwa kila siku katika mzunguko wa miaka minne, pamoja na namna ya kusahihisha kwa miaka inayofuata. Mwanafunzi wake José Vizinho, mganga wa mfalme, aliyatia katika Kilatini, na mwaka 1496 yalipigwa chapa katika mji wa Leiria kwa jina la Almanach Perpetuum. Aliyeyachapa, Abraham d'Ortas, alikuwa Myahudi pia.

Pamoja na kitabu kilihitajika chombo cha kupimia, kinachoitwa astrolabi: duara lenye alama pembeni na mkono unaozunguka katikati. Vyombo vya mbao vilivimba na kupinda kwa maji na jua. Inasimuliwa kwamba Zacuto aliwafundisha Wareno kutumia vya metali. Vile vidogo vilivyochukuliwa safarini vilikuwa vya shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Ndugu zetu wanaofanya kazi kandokando ya mashimo ya Mashamba, na wale wa Kipushi kwenye zinki, wanajua vizuri metali hizo zinatoka ardhini kwa jasho gani.

Meli zinakwenda, watu wanafungwa

Furaha ya Zacuto chini ya Manuel haikudumu. Mfalme alitaka kumwoa binti wa Ferdinand na Isabella, na sharti la ndoa likawa Ureno nayo iwatoe Wayahudi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1496, katika mwaka uleule wa kitabu cha Leiria, alitoa amri waondoke kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi mwaka 1497.

Lakini Manuel hakutaka kupoteza mafundi, waganga na wafanyabiashara. Akatafuta njia ya kuwabakiza. Siku za Pasaka ya mwaka 1497 watoto wa chini ya miaka 14 walikamatwa na kubatizwa kwa nguvu, ili wazazi wafuate. Waliokataa waliambiwa wakusanyike Lisbon kupanda meli. Walipofika walifungiwa bila chakula wala maji ya kutosha, wakabatizwa wakivutwa. Kwa karatasi, hakuna tena Myahudi Ureno.

Vasco da Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 mwezi wa saba mwaka 1497, miezi michache tu baada ya Pasaka ile, akiwa na meli nne na watu kama 170. Mwezi wa kumi na moja alishuka kwenye ghuba ya Mtakatifu Helena, kusini mwa Afrika, akapima jua. Muda waliopewa Wayahudi kuondoka Ureno ulikuwa umekwisha siku chache kabla.

Mwezi wa nne mwaka 1498 meli zilifika Mombasa, ambako hawakuaminiana na wenyeji, kisha Malindi. Sultani wa Malindi aliwapokea vizuri, akawapa rubani aliyejua upepo wa kusi. Tarehe 24 waliondoka, na siku 23 baadaye wakaiona India. Hapo tunajifunza kwamba safari ile kubwa ilitegemea ujuzi wa watu ambao Ureno haikuwahesabu kuwa wake: hesabu za Myahudi katika bahari ya Magharibi, na rubani wa bahari ya Hindi upande wetu. Watu wa pande zote mbili hawakulipwa mema. Mwaka 1502 da Gama alirudi akaichoma meli ya mahujaji Waislamu pamoja na waliokuwamo. Mwaka 1505 Wareno waliteka na kupora Kilwa na Mombasa.

Mzee njiani

Zacuto hakukubali ubatizo wa kulazimishwa. Alikuwa mmoja wa wachache waliofaulu kutoroka, akiwa pamoja na mwanawe Samuel. Baharini walikamatwa mara mbili. Mwishoni walifika Tunis, Afrika ya Kaskazini, katika nchi ya Waislamu, nao wakawapa nafasi ya kukaa.

Huko, mwaka 1504, alimaliza kitabu kinachoitwa Sefer Yuhasin, yaani kitabu cha vizazi. Ndani yake aliorodhesha walimu wa Israeli, kizazi baada ya kizazi. Tunamwelewa. Watu waliotawanywa wanaogopa kwamba wajukuu hawatajua tena wao ni nani, na mkimbizi asiye na nyumba anaweza angalau kuandika majina.

Hispania ilipoanza kushambulia miji ya pwani ya Afrika ya Kaskazini, Zacuto aliondoka tena kwenda mashariki. Mwaka 1513, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, alikuwa Yerusalemu, bado anapanga hesabu za jua na mwezi. Ulaya hakurudi tena. Leo shimo moja kwenye uso wa mwezi linaitwa Zagut, kwa jina lake. Nchi zile mbili zilichukua karne nyingi kukiri. Hispania iliifuta rasmi amri ya 1492 mwaka 1968. Rais wa Ureno aliomba msamaha mwaka 1989, na mwaka 2015 nchi zote mbili zilifungua njia ya uraia kwa vizazi vya waliofukuzwa.

Sisi je?

Mtu anaweza kusema kwamba hayo yalitendwa na wafalme Wakatoliki, kabla ya kanisa letu la Kiprotestanti kuwapo. Jibu hilo halitusaidii. Martin Luther mwenyewe, mwaka 1543, aliandika kitabu kibaya juu ya Wayahudi, akishauri masinagogi yao yachomwe. Tunamheshimu Luther kwa mengi, lakini katika hilo alikosa, na makanisa yenye jina lake yamekiri hivyo. Kumfukuza jirani kwa jina la Mungu ni dhambi inayoweza kuota katika kanisa lolote.

Inaweza kuota pia mahali pasipo na habari ya dini. Miaka 500 kamili baada ya amri ya Granada, mwaka 1992, katika jimbo letu lililoitwa wakati ule Shaba, majirani wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi. Wengi wao walizaliwa hapa. Baba zao na babu zao waliletwa kufanya kazi katika migodi na kwenye reli. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Walilala wiki nyingi kwenye stesheni za treni, kwa mvua na kipindupindu, wakingojea mabehewa ya kwenda Mwene-Ditu. Nyumba, vitanda na mashini za kushonea viliuzwa kwa bei ya kutupa, kama yale mashamba ya mizabibu. Walioondoka walikuwa mamia ya maelfu. Wengi walizikwa njiani.

Waliofukuzwa na waliofukuza walikuwa wameketi katika benchi moja la kanisa Jumapili iliyotangulia. Wazee wetu wanakumbuka Wakristo waliowaficha majirani na kuwapikia bugali stesheni. Wanakumbuka pia Wakristo waliohamia katika nyumba zilizoachwa wazi, na kuimba kwaya kama kawaida.

Hatukupata faida. Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufikia 50,000. Sababu zilikuwa nyingi: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ulikuja mwaka 1991, na vyombo vilichakaa. Lakini mafundi na walimu waliolala kwenye stesheni ile walikuwa sehemu ya hasara hiyo. Hata kama tungetajirika, hesabu mbele za Mungu ingebaki ileile.

Leo malori na treni zinaleta tena watu wanaotafuta maisha Lualaba, kutoka Kasai na kwingineko, na vita vya Kivu na Ituri vinatawanya wengine. Maneno ya zamani yanarudi sokoni, kwenye migodi ya mikono, na wakati mwingine kwenye ua wa kanisa baada ya ibada. Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, inamwagiza Israeli amtendee mgeni kama mwenyeji na kumpenda kama nafsi yake, kwa sababu Israeli naye alikuwa mgeni Misri. Zacuto alilijua agizo hilo tangu utoto. Wale waliomfukuza walikuwa nalo katika Biblia zao.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama na vijana mambo matatu. Kwanza, neno bilulu na maneno yanayofanana nalo yasisemwe kanisani bila kukemewa, hata kwa mzaha. Pili, familia mpya inapofika katika mtaa, mtu wa kanisa aende kuwasalimu kabla wiki haijaisha, na watoto wao waandikwe katika shule ya Jumapili bila kuuliza wanatoka jimbo gani. Tatu, wale wenye kumbukumbu za 1992 na 1993, waliobaki na waliorudi, wapewe nafasi ya kusimulia wakiwa bado hai, na majina ya waliokufa njiani yaandikwe. Kama kuna nyumba iliyochukuliwa kwa udhalimu na mwenyewe au watoto wake wanajulikana, jambo hilo liletwe mbele ya wazee wa kanisa, kama Zakayo alivyoleta la kwake mbele ya Yesu.

Bwana awalinde walio njiani usiku wa leo, na atupe sisi wenye nyumba moyo wa kuwafungulia. Amina.